Nani Husimama na Mtoto Mahakamani?

Katika chumba cha mahakama ya Tanzania kila mtu ana mahali pake, na kila mahali pana jina. Hakimu yuko juu. Karani yuko chini yake. Mwendesha mashtaka husimama kwa niaba ya Jamhuri, wakili, akiwapo, husimama kwa niaba ya mshtakiwa, na mshtakiwa mwenyewe ana kizimba chake. Mtoto aliyepigwa hadi akavunjwa mkono, au aliyefungiwa ndani bila chakula, au aliyebakwa na mtu wa nyumbani kwao, huingia chumbani humo kwa jina moja tu: shahidi. Akiisha kusema aliyoulizwa, hutolewa nje. Shauri si lake. Ni la Jamhuri dhidi ya fulani, na huyo fulani mara nyingi ndiye aliyekuwa akimlisha.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye chumba hicho hakimtambui: yule aliyemleta mtoto, aliyekaa naye kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, na atakayerudi naye kijijini shauri likiahirishwa. Nimekuwa nikijiuliza alitoka wapi katika historia yetu, na kwa nini hadi leo hana jina.

Kansay ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Magari ya watalii hupita mjini Karatu kila siku kwa barabara ya lami itokayo Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, ila Kansay iko nje ya barabara hiyo na wageni wake ni wachache. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wakulima wanaofuga. Nilifika huko kwa ajili ya jambo jingine kabisa, kukusanya simulizi za wazee kuhusu namna koo zao zilivyotoka Irqwar Da'aw, kitovu cha Wairaqw kule Mbulu, zikapanda kaskazini kutafuta mashamba na malisho wakati wa ukoloni wa Waingereza. Katika mazungumzo hayo nikaelezwa habari za akina mama wachache ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiwasindikiza watoto polisi, hospitalini na mahakamani. Hakuna aliyewaajiri. Sitawataja kwa majina wala vijiji, maana kumtaja msindikizaji ni kumtaja mtoto. Mmoja wao, nilipomwuliza cheo chake, alisema hana cheo, yeye ni mtu wa kwenda naye tu.

Nimelichukua jina hilo. Nitawaita watu wa kwenda nao.

Ni kawaida ya waandishi wa siku hizi kusema kwamba zamani mtoto wa Kiafrika alikuwa mtoto wa wote, kwa hiyo hakuhitaji mtetezi. Nimelisoma dai hilo katika tasnifu nyingi za wanafunzi wangu, na kila mara naandika pembeni: wote akina nani? Kwa Wairaqw, migogoro ilipelekwa mbele ya wazee, na mkutano ulifungwa kwa slufay, maombi marefu ya baraka ambayo mpaka leo ukiyasikia utaona ni sanaa yenye uzito wake. Mkutano huo ulikuwa na uwezo mkubwa wa kurudisha amani. Lakini waliozungumza walikuwa wanaume wazima, na kilichozungumzwa kilikuwa amani ya ardhi na ya ukoo. Mtoto alikuwemo kama sehemu ya nyumba ya baba yake. Iwapo baba ndiye mkosaji, basi mkosaji ndiye aliyekuwa msemaji wa mkosewa.

Tena kulikuwa na metimani. Huu ulikuwa utaratibu wa kumtenga mtu aliyehesabiwa kuwa na unajisi, kwa mfano aliyefiwa, asichangamane na majirani hadi muda upite. Miongoni mwa waliotengwa alikuwemo binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Aliondolewa nyumbani, na wengine waliishia kuolewa kwa Wadatoga, mbali na kwao. Wanaanthropolojia walioishi kwa Wairaqw wameliandika jambo hili kwa kirefu, na wazee wa Kansay hawalifichi. Nalitaja si kwa kuwahukumu waliotangulia. Walikuwa na hofu zao juu ya mvua na mavuno, na unajisi kwao ulikuwa hatari ya kweli kwa jamii nzima. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mahali ambapo “wote” walikoma. Binti huyo, mara nyingi mwenyewe bado mtoto, hakuwa na mtu wa kwenda naye.

Serikali ya kikoloni ilikuja na mahakama zake. Sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliwapa machifu kazi ya kuamua mashauri madogo kwa mila. Mnamo 1937 ikatungwa Sheria ya Watoto na Vijana, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 13. Ilikuwa mtoto wa sheria ya Uingereza ya 1933, na iliwagawa watoto kwa umri: aliye chini ya miaka 12 ni mtoto, aliye na miaka 12 lakini hajafika 16 ni kijana. Ukiisoma leo utaona macho yake yalikuwa mjini. Watawala waliogopa vijana wasio na kazi katika Dar es Salaam, hao waliowaita wahuni, na sheria ikajaa habari za mtoto mkosaji: ashtakiwe wapi, achapwe viboko vingapi, apelekwe shule gani ya maadilisho. Mtoto aliyekosewa alipata nafasi ndogo pembeni.

Hata hivyo ndani ya nafasi hiyo ndogo kulikuwa na wazo moja ambalo wanafunzi wa sheria hulipita haraka. Mahakama iliweza kumtoa mtoto mikononi mwa wanaomtesa na kumkabidhi kwa mtu anayefaa, hata kama si ndugu yake. Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi hii ilikiri kwamba raia wa kawaida, asiye mzazi wala mtumishi wa serikali, anaweza kuwa na nafasi katika maisha ya mtoto kwa amri ya mahakama. Wazo hilo halikufa. Maafisa ustawi wa jamii leo wanaandikisha watu wa namna hiyo, na kwa Kiswahili chao wanaziita familia za kuaminika. Tatizo ni kwamba mtu anayefaa huja baada ya amri. Kabla ya amri, wakati mtoto anaulizwa mbele ya watu wazima wasiomjua, mtu huyo hayumo.

Baada ya Uhuru mambo yalienda kasi. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madaraka, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaunganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali kuwa ngazi moja, kuanzia mahakama ya mwanzo. (Naomba nichepuke kidogo. Mbulu, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Karatu, haikuwa wilaya ya kupokea kila kitu kutoka Dar es Salaam. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichoikwepa kilikuwa cha Mbulu, alikoshinda Herman Elias Sarwatt akiwa mgombea binafsi. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa huko hupima maneno ya serikali kabla ya kuyameza na aanzie hapo.)

Mahakama ya mwanzo ilikuwa hatua kubwa. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, wazee wa baraza waliketi na hakimu, na kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kufika mbele yake, ili tajiri asimlemee maskini kwa ufasaha wa kununua. Katika mashauri ya madai sheria iliruhusu ndugu au mtu wa nyumbani amsemee mwenye shauri, mahakama ikikubali. Ni kanuni ya busara kwa watu wazima wanaogombea shamba. Kwa mtoto aliyeteswa na ndugu, ni mlango uliofungwa kwa funguo za mtesaji.

Halafu ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hii imelaumiwa, na kwa haki, kwa vifungu vyake vya umri wa kuolewa. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Lakini kifungu cha 136 cha sheria hiyohiyo kinastahili kusomwa upya. Kinaiagiza mahakama inayoamua mtoto akae na nani, kila inapowezekana, kupata ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto, awe mtumishi wa umma au asiwe, ingawa haifungwi na ushauri huo. Awe mtumishi wa umma au asiwe! Bunge la chama kimoja, katika miaka ya Azimio la Arusha, wakati serikali ilipotaka kushika kila kitu, liliacha nafasi kwa mwananchi wa kawaida kushauri mahakama juu ya mtoto. Kifungu hicho kimekuwapo zaidi ya nusu karne. Sijawahi kumkuta afisa wa wilaya anayekitumia kumwita mahakamani mwanamke wa kijijini aliyelea yatima kumi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu kujitolea, maana ndilo jina tunalowapa watu wa kwenda nao tunapotaka kuwasifu bila kuwalipa. Taifa letu lilijengwa kwa kujitolea, na hilo si porojo. Walimu wa kisomo cha watu wazima, waliochimba misingi ya zahanati, waliokwenda nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, wengi hawakulipwa au walilipwa kidogo mno. Lakini kujitolea kulikuwa na sura mbili. Kulikuwa na ule wa hiari, na kulikuwa na ule wa mtendaji kupita na orodha. Watu wa vijijini walijifunza kutofautisha. Nadhani ndiyo sababu mtu wa kwenda naye wa Kansay anaheshimiwa kuliko mjumbe wa kamati: hakuna aliyemwandika kwenye orodha.

Ulimwengu nao ulikuwa ukijiuliza swali hilohilo. Mwaka 1874 mjini New York, Etta Wheeler, mwanamke aliyekuwa akiwatembelea maskini, alitaka kumwokoa Mary Ellen Wilson, mtoto aliyepigwa na mlezi wake kila siku, akakosa chombo cha serikali cha kumsaidia. Msaada aliupata kwa Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Uingereza ilistuka baada ya karibu miaka mia. Maria Colwell, mwenye miaka 7, aliuawa na baba yake wa kambo mjini Brighton mwezi Januari 1973, baada ya mahakama kumrudisha kwa mama yake. Katika shauri lile watu wazima wote walikubaliana arudi, na hapakuwa na mtu aliyewekwa kusema kwa niaba ya mtoto peke yake. Sheria ya Watoto ya 1975 ilitungwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya pengo hilo.

Marekani, Sheria ya 1974 juu ya ukatili kwa watoto ilizitaka serikali za majimbo zinazopokea fedha za shirikisho ziteue msimamizi wa mtoto katika kila shauri la namna hiyo. Mawakili hawakutosha. Mwaka 1977 hakimu David Soukup wa Seattle, aliyesumbuliwa na kuamua maisha ya watoto kwa taarifa pungufu, akaona atafute wananchi wa kujitolea wenye nafasi ya kumfuatilia mtoto mmoja hadi mwisho. Walijitokeza kiasi cha 50. Hawakuwa wanasheria. Kazi yao ilikuwa kumtembelea mtoto, kuzungumza na mwalimu, jirani na daktari wake, kisha kuieleza mahakama kwa maandishi wanaloona linamfaa. Mpango huo ulienea nchi nzima, na mwaka 1982 ukapata chama chake cha kitaifa.

Nausimulia kwa kirefu kwa sababu ya jambo moja dogo ambalo wasifiaji wake hulisahau. Kilichomfanya mwananchi yule wa Seattle awe tofauti na jirani mwema ni karatasi. Hakimu alimteua kwa amri, jina lake likawa kwenye jalada, na kwa amri hiyo aliweza kufungua milango ya shule na hospitali.

Majirani zetu wamejaribu njia zao. Kenya, katika Sheria ya Watoto ya 2001, iliipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mtoto kwa ajili ya shauri, na ina maafisa wa watoto wa kujitolea wanaofanya kazi na idara ya serikali. Uganda, kwa sheria yake ya 1996, ilimpa makamu mwenyekiti wa baraza la kijiji dhamana ya watoto wa eneo lake, hata mtoto akiteswa ijulikane nani anagongewa mlango usiku. Sisemi njia hizo zimefaulu kila mahali. Nasema zina majina.

Sisi tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Wanafunzi huutaja wa kwanza na kuusahau wa pili, nao wa pili ndio wenye makali. Ibara yake ya 4 inasema kwamba katika shauri lolote linalomgusa mtoto awezaye kueleza mawazo yake, asikilizwe yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi asiyeegemea upande, naye ahesabiwe kuwa mhusika katika shauri. Mhusika, si shahidi. Waafrika waliandika hivyo mwaka 1990, Addis Ababa, na hawakuambiwa na mtu wa Seattle.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ilifuta ile Sura ya 13, pamoja na sheria nyingine za malezi, za kuasili na za makao ya watoto. Ni sheria nzuri kuliko inavyosemwa barazani. Inamtambua mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Inaanzisha Mahakama ya Watoto. Inaagiza afisa ustawi wa jamii awepo shauri linaposikilizwa, na inampa mtoto haki ya kuwa na ndugu wa karibu na wakili. Kifungu cha 95 kinamfanya kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa awe na wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa.

Tazama basi mahali mwananchi alipowekwa. Yumo katika kifungu cha 95, mlangoni, mwenye wajibu wa kutoa taarifa. Baada ya hapo shauri linakuwa la afisa, ndugu na wakili. Wilayani maafisa ustawi wa jamii ni wachache na wana kata nyingi. Wakili ni wa mjini. Ndugu, tumeshaona. Kwa muda mrefu jengo la pekee lililotengwa kwa Mahakama ya Watoto lilikuwa Kisutu, Dar es Salaam. Kwingineko mahakama hiyo hukaa katika majengo ya kawaida, mtoto akipita korido ileile anayopita mshtakiwa.

Kwamba tatizo ni kubwa lilithibitishwa na serikali yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepigwa, kupigwa kwa ngumi, mateke au viboko. Baada ya hapo vilikuja vyombo: madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yakaongezwa, namba 116 ya kupiga bure ikaanza, na ukatangazwa Mpango Kazi wa Taifa, MTAKUWWA, wenye kamati hadi vijijini. Mwaka 2017 Sheria ya Msaada wa Kisheria iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Miongoni mwa watu wa kwenda nao wapo waliopata mafunzo hayo na kitambulisho. Wengi hawana.

Naomba sasa nishuke kwenye mambo ambayo hayamo katika ripoti.

Mtoto wa Kansay huota kwa Kiiraqw. Kiswahili anakijua cha shuleni, cha kujibu maswali ya mwalimu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, haina undugu wowote na Kiswahili, na mambo ya mwili yanayosemeka kwa lugha ya mama hayana maneno katika Kiswahili cha darasa la tatu. Tangu 2021 tumeshangilia, na mimi nimo, kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Kwa mtoto huyu bado ni lugha ya watu wa mbali. Mtu wa kwenda naye humfundisha njiani, si la kusema, maana hilo ni kosa na akina mama wale wanalijua vizuri kuliko baadhi ya wasomi. Humfundisha kwamba anaruhusiwa kusema sijaelewa. Humwambia kwamba anaweza kuomba mkalimani, na kwamba yule aliye mbele si mwalimu, hatamchapa akikosea.

Haya si mambo ya huruma tu. Yanaamua kesi. Kwa miaka mingi kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kilimtaka hakimu ampime kwanza mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli, na aandike vipimo hivyo. Asipoandika sawasawa, mahakama ya juu iliupunguzia ushahidi uzito au kuutupa, na mtu aliyehukumiwa miaka 30 akatoka. Mwaka 2016 kifungu kikabadilishwa: mtoto aweza kusema bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Tukadhani yamekwisha. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, ikalazimika kuwaelekeza mahakimu maswali mepesi ya kumwuliza mtoto kabla ya ahadi hiyo, kwa sababu ahadi ilikuwa haichukuliwi au haiandikwi, na rufaa zilikuwa zikishinda tena. Mtoto alikuwa ameshasema. Waliokosea ni watu wazima wenye kalamu. Nani angewakumbusha? Mwendesha mashtaka ana majalada mengine siku hiyo. Wakili wa mshtakiwa atanyamaza, na ni haki yake kunyamaza. Mtu wa kwenda naye yuko nje, kwenye benchi.

Halafu kuna kumalizana. Kesi nyingi za watoto haziishii katika hukumu bali katika kikao cha nyumbani, ambapo wazee wa pande mbili wanapanga fidia, mara nyingi mifugo, na siku ya shauri shahidi haonekani. Mshtakiwa anaachiwa, na sheria imefuatwa. Sipendi namna wanaharakati wa mjini wanavyolizungumzia jambo hili, kana kwamba wanakijiji ni wauza watoto. Familia inayomaliza nyumbani inapiga hesabu. Shauri limeahirishwa mara tano, upelelezi haujakamilika, kila safari ni nauli ya watu wawili na siku ya shamba, na mshtakiwa ni mtu watakayeishi naye kijiji kimoja hadi kufa. Kwa hesabu hiyo ng'ombe aliye zizini ana maana kuliko hukumu isiyojulikana itakuja lini. Mtu wa kwenda naye hubadilisha hesabu hiyo kwa kubeba sehemu ya gharama: yeye ndiye anayekumbuka tarehe, anayeifuata PF3 polisi, anayelala na mtoto kwa mtu anayemfahamu Karatu mjini ili asubuhi wawahi.

Na gharama yake yeye? Nauli anaitoa kwenye maharage yake. Upande wa mshtakiwa wanamjua, ni jirani. Mmoja alipewa onyo la laana, na mahali ambapo laana ina nguvu hilo si jambo la kucheka. Wengine wameacha.

Nimesikia pingamizi mbili kutoka kwa watumishi wa umma, na zote zina hoja. Ya kwanza ni kwamba mtu asiye na taaluma anaweza kumharibu shahidi, kumlisha maneno. Kweli. Ndiyo maana anahitaji uteuzi, kiapo cha usiri na mafunzo ya siku chache, badala ya kuachwa afanye kazi hiyohiyo bila usimamizi, kama anavyofanya sasa. Ya pili ni kwamba serikali ikiwatambua watu hawa watadai posho, na hatuna fungu. Hapa naona tunakwepa. Kanuni za Mahakama ya Watoto zilitolewa mwaka 2016 na zinaweza kurekebishwa bila Bunge kukaa. Kumtaja msindikizaji katika kanuni, akae pembeni ya mtoto ndani ya chumba, jina lake liandikwe kwenye jalada, aruhusiwe kumweleza hakimu kwamba mtoto hajaelewa swali, hakuna fungu linalohitajika. Nauli ni suala jingine. Tunawalipa mashahidi wataalamu gharama zao za safari bila kuona kwamba nchi inafilisika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mwanahistoria hawezi kuliacha. Yule binti aliyetengwa kwa metimani hakutoweka pale metimani ilipofifia. Kwa miongo mingi baada ya Uhuru, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 kauli kutoka ngazi ya juu kabisa ya nchi ikasisitiza kwamba hatarudi. Tulimtenga upya, safari hii kwa barua yenye mhuri. Serikali ilibadili msimamo mwezi Novemba 2021, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba kumfukuza kulivunja mkataba ule tulioridhia mwaka 2003. Shauri hilo lilifikishwa huko na mashirika ya haki za binadamu. Wasichana wenyewe walikuwa na watu wa kwenda nao hadi mbele ya chombo cha bara zima.

Mtoto wa Kansay anayeitwa mahakamani Karatu Jumatatu ijayo atakwenda na mama yule niliyemtaja, iwapo maharage yatauzwa Jumamosi. Nilimwuliza angependa aongezewe nini. Nilitegemea ataje fedha. Alisema anataka kuingia ndani ya chumba, akae mahali ambapo mtoto akigeuka atamwona.